Udongo Uliozidi Nguvu

Lori lilimwaga udongo mpya nyuma ya kitalu cha miche asubuhi moja kabla jua halijakaza, na Chekeche akaenda kuutazama huku bado anajifunga kitambaa kichwani. Jina hilo alikuwa amepewa na wenzake kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchekecha udongo wa kusia mbegu, na lilikuwa limemganda hata nyumbani. Alichota konzi moja, akaifinya, akafungua kiganja. Udongo ulibaki donge moja, na alipouchokoa kwa kidole gumba ukamumunyuka wenyewe. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, na ulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

"Umetoka wapi huu?" alimuuliza dereva.

"Shimoni. Pale ukuta ulipoporomoka. Nyasi za pale zimempita mtu kimo. Tajiri ameziona, akasema udongo wa namna ile haulazwi bure."

Tajiri ndiye aliyekuwa mwenye kitalu, na ndiye aliyekuwa mwenye shimo. Lilikuwa shimo la udongo wa matofali, upande wa pili wa barabara kuu, na lilikuwa limefungwa tangu ukuta wake mmoja ulipolala.

Mume wa Chekeche alikuwa mchimbaji wa shimo hilo. Siku ukuta ulipoporomoka, yeye na wachimbaji wengine wawili hawakuonekana tena. Ofisi ikatangaza kwamba hapakuwa na mtu chini ya ukuta, kwamba watatu hao walikuwa wametoroka kazini kabla, tena wakaondoka na koleo za kampuni. Watu waliyapokea maneno hayo bila taabu. Wanaume kutoroka si habari mpya. Majirani walimwonea Chekeche huruma kwa muda, kisha wakaanza kumchunguza wajue ana kasoro gani. Mama mkwe wake, ambaye aliishi naye katika nyumba ya vyumba viwili, hakuhitaji kuchunguza.

"Ni huo ulimi wako," alimwambia. "Mwanangu mtu wa kimya. Umemfukuza kwa maneno."

Tangu hapo waliishi kama wapangaji wasioelewana, kila mmoja na jiko lake, kila mmoja na chumvi yake. Chekeche mwenyewe alikuwa ameamini kwamba mumewe ametoroka. Alimlaani mumewe kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, viatu vyake akampa mpita njia, na koti lake akalikata matambara ya kushikia sufuria.

Kwa kawaida, udongo wowote ulioletwa kitaluni Chekeche aliuchanganya na mchanga na pumba za mpunga kabla ya kuutia kwenye trei. Safari hii Msimamizi alimzuia. Msimamizi alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, aliyehamishiwa kitaluni shimo lilipofungwa. Alikuwa na tabia ya kupangusa viatu vyake hata vikiwa safi.

"Utie hivyohivyo ulivyo," alisema. "Tajiri anasema mali kama hii haitiwi mchanga."

Chekeche akautia hivyohivyo ulivyo. Alisia nyanya trei za mbele, pilipili hoho za katikati, kabichi za nyuma. Aliporudi kutoka kula mchana, mbegu zilikuwa zimeshatoa vichwa. Kesho yake asubuhi, alipokuwa anamwagilia, nyanya zikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, cha watu wanaokula vumbi. Kilianza kwa mikato miwili mifupi, halafu kikajivuta. Chekeche alikuwa amelala ubavuni mwa kikohozi hicho miaka yote ya ndoa yake. Akaweka ndoo chini.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa," nyanya zikajibu.

Kabla ya saa ya chai, trei zote zilikuwa zinazungumza. Pilipili hoho zilikuwa na kigugumizi, na kila mtu pale alijua ni cha nani kati ya wale wachimbaji watatu. Kabichi zilianza kusimulia kile kichekesho cha fundi cherehani na mbuzi, ambacho yule wa tatu, mzee waliyemwita Babu Mzaha, alikisimulia kila mchana na kila mara akacheka kabla hajafika mwisho. Kabichi nazo zilicheka kabla hazijafika mwisho. Mpaka leo hakuna anayejua mbuzi alimjibu nini yule fundi. Wafanyakazi waliinua vichwa, wakasikiliza kidogo, wakaendelea na kazi zao. Mmoja alilalamika kwamba kelele zinamchanganya hesabu ya trei.

Msimamizi alikuja, akazima pampu ya maji ili asikie vizuri.

"Msimamizi," nyanya zikasema, "ukuta umepasuka. Pale juu, penye mzizi. Ufa unaingia mkono."

"Najua," alisema Msimamizi. "Ulishaniambia."

"Ulisema utamwambia Tajiri."

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema mlijaze tanuri la matofali kwanza, halafu ataangalia."

"Tulilijaza?"

Msimamizi alitoa leso, akainama, akapangusa viatu. "Hamkulijaza," alisema. Kisha akawasha pampu, akaenda zake ofisini, akafunga mlango taratibu.

Lakini udongo ulikuwa na nguvu kuliko miche. Kufikia alasiri, ncha za majani zilikuwa zimekuwa kahawia kana kwamba mtu amezipitishia kiberiti. Majani yakajikunja, vishina vikalegea, sauti ikawa ya kukwaruza. Jua lilipoanza kushuka, trei zote zilikuwa zimelala, na sauti zimekatika. Mche mchanga ni kama mtoto mchanga. Ukiushindilia chakula cha mtu mzima unaumaliza.

Chekeche alizifuta trei, akatia udongo mwingine kutoka lundo lilelile, akasia upya. Miche ikaota, ikakohoa, ikamwambia Msimamizi kwamba ukuta umepasuka, naye akajibu kama alivyojibu mwanzo. Ikawa ndiyo desturi. Kila miche mipya ilianza na ujumbe uleule, na kila mara Msimamizi alikuja kuupokea, hata siku alizokuwa na homa. Hakuna aliyemlazimisha.

Baada ya ujumbe, nyanya zilikuwa na nafasi ya mambo mengine.

"Koti langu lipo?" ziliuliza siku moja, Chekeche akiwa peke yake kwenye kibanda.

"Lipo."

"Kwenye msumari?"

"Kwenye msumari."

"Afadhali. Nililiacha kwa sababu ya joto, nikadhani nitalijutia jioni." Nyanya zikakohoa. "Watu wanasemaje juu yetu?"

"Wanasema mlitoroka."

"Na wewe ulisemaje?"

Chekeche akahamia trei ya jirani, akaimwagilia ingawa alikuwa ameshaimwagilia. "Na mimi nilisema hivyohivyo," alisema.

Maji yalikuwa yanadondoka chini ya meza.

"Sawa," nyanya zikasema. "Ungejuaje?"

Siku iliyofuata alimleta mama mkwe wake. Alimshika mkono kutoka nyumbani hadi kitaluni, na bibi kizee hakuuondoa mkono, ingawa hawakuwa wamegusana tangu siku ya shimo. Chekeche akampindulia ndoo akakaa, akamsogezea trei karibu. Bibi alizitazama nyanya kama mtu anavyomtazama mgonjwa, kwanza rangi, halafu pumzi.

"Mwanangu. Umekula?"

"Huku hakuna njaa, mama. Chakula kimezidi."

"Kuna giza?"

"Kuna uzito. Giza nimelizoea."

Bibi akakunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. "Nilimwambia mkeo kwamba yeye ndiye aliyekufukuza."

"Hakunifukuza, mama. Nilikuwa narudi."

Walipofika nyumbani, bibi aliliacha jiko lake bila kuliwasha. Akaja kwenye jiko la Chekeche, akaonja kilichokuwa kinachemka, akaenda chumbani kwake, akarudi na chumvi yake, akatia. Walipopakua, sahani ya kwanza aliiweka mbele ya Chekeche. Radhi hakuomba, na Chekeche hakumdai.

Wake wa wachimbaji wale wengine walipopata habari, walikuja nao, kila mmoja akasikiliza trei yake. Mke wa mwenye kigugumizi alisubiri sentensi moja kwa subira kubwa, kama alivyokuwa akisubiri zamani, na ilipokamilika ilikuwa inauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Akajibu kwamba linavuja. Ndipo wakakubaliana waende kwa Tajiri, asubuhi na mapema, kabla majani hayajaanza kuungua.

Walikwenda na trei kichwani, wanawake wanne, bibi akiwa mbele. Tajiri aliwakaribisha vizuri. Aliagiza yatandikwe magazeti mezani ili trei zisichafue mbao, akawapa viti, akasikiliza. Babu Mzaha, ndani ya kabichi, alimsalimu kwa heshima zote, kisha akamsimulia ile ya fundi cherehani na mbuzi, na Tajiri akacheka kwa moyo mweupe.

"Naam, ni wao," alisema akijifuta macho. "Sauti hizi siwezi kuzisahau. Walikuwa wafanyakazi wazuri sana."

"Kwa hiyo hawakutoroka," alisema Chekeche.

"Kutoroka kwa maana ya kwenda mahali, hapana, hilo nakubali. Hata koleo zimeonekana, dereva ameleta mbili. Neno la wizi tunalifuta leo hii. Sipendi kumchafulia mtu jina."

"Basi tunataka wachimbuliwe. Tuwazike kama watu."

Tajiri akashusha pumzi. "Mama zangu, ule ukuta uliobaki si salama. Nikipeleka watu chini yake nitakuwa nahatarisha maisha yao."

"Ni kweli," nyanya zikasema. "Si salama."

Wanawake wakazitazama nyanya. Tajiri akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba maneno yamekwenda sawa.

"Basi ofisi iseme kwamba walikufa kazini," alisema mke wa mwenye kigugumizi.

"Hapo ndipo pana ugumu. Mtu ambaye hakusaini kuondoka, na kesho yake hakuja, kwa ofisi huyo ni mtoro, popote alipo. Utaratibu haukutungwa na mimi."

"Alikuwa kazini," alisema Chekeche.

"Alikuwa chini ya kazi," Tajiri alisema kwa upole. "Ni vitu viwili tofauti."

Kutoka hapo walikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alizisikiliza trei zote tatu, akawapa pole, akaeleza kwamba miche haiwezi kula kiapo. Wakati huo majani yalikuwa yameanza kukauka ncha. Walirudi kwa haraka wakitafuta vivuli, kila mmoja amejaribu kufunika trei yake kwa kanga, lakini kivuli hakiponyi kitu kinachounguzwa na mizizi. Walipofika kitaluni, trei zote tatu zilikuwa zimelala.

Tatizo la ofisi lilikuwa tofauti. Miche haikuwa inauzika. Wateja walioichukua asubuhi waliirudisha jioni imekufa, na wengine walilalamika kwamba njiani ilikuwa inawauliza maswali ya watu wasiowajua. Mwanamke mmoja alisema kabichi zimewafanya kuku wake wasitage. Ndipo Tajiri akamwita Bwana Shamba.

Bwana Shamba alikuja na begi lake, akaupima udongo, akaichomoa miche kadhaa akaitazama mizizi. Alikuwa mtu makini, na alipokuwa anazungumza na kabichi alivua kofia.

"Tatizo si kubwa," alimwambia Msimamizi. "Udongo umezidi nguvu. Miche michanga haiuwezi. Chukueni sehemu moja ya udongo huu, sehemu tatu za mchanga uliooshwa, na pumba kidogo za kuupa hewa. Miche itasimama."

"Na sauti?" Msimamizi aliuliza.

"Sauti ni dalili tu. Nguvu ikipungua, nayo itapungua."

Alisema kweli. Chekeche mwenyewe, kama si kuzuiwa, angefanya hivyo tangu siku ya kwanza, na katika siku hiyo ya kwanza asingesikia kitu, na angeendelea kuwa mwanamke aliyeachwa na mumewe. Jambo hilo alilifikiria kwa muda mrefu akiwa amesimama mbele ya lundo la mchanga na koleo mkononi.

Mke wa mwenye kigugumizi alikuja kumwomba asichanganye. Chekeche alimwambia kwamba asipochanganya yeye, atachanganya mwingine, tena kwa haraka haraka. Hilo lilikuwa kweli. Vilevile alikuwa na mama mkwe wa kumlisha, na nyumba nzima ilisimama juu ya mgongo wake. Lakini sababu ambayo hakuitaja ilikuwa nyingine. Alikuwa amechoka kumwona mumewe akiungua kila alasiri, halafu kumfuta kwenye trei na kitambaa.

Alianza polepole. Mara ya kwanza alitia nusu kwa nusu.

"Mbona sauti yako inatoka mbali?" nyanya ziliuliza.

"Nakuchanganya."

"Na nini?"

"Na mchanga."

Nyanya zikafikiri. Zilikuwa na afya zaidi siku hiyo; majani yalikuwa yamefunguka vizuri, na ncha zilikuwa kijani. "Mchanga wa mto?"

"Wa mto. Umeoshwa."

"Uchekeche vizuri," zilisema. "Usiache changarawe. Changarawe huwa zinaniumiza."

"Nitauchekecha."

"Si vibaya," nyanya zikasema. "Uzito umepungua kidogo."

Chekeche akauchekecha mchanga mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa chekeche lenye matundu madogo ambalo hutumika kwa mbegu za maua. Alipotia sehemu mbili za mchanga, nyanya zilisema maneno machache tu, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi ya kumaliza kumwagilia safu nzima. Alipotia sehemu tatu, hazikusema kitu. Zilikohoa kidogo alfajiri, wakati wa umande, kama mtu anayesafisha koo aanze mazungumzo, na mazungumzo hayakuanza. Kabichi zilicheka mara moja bila kusimulia chochote. Pilipili hoho zilitoa herufi moja, zikaishia hapo.

Msimamizi alikuja asubuhi hiyo kama kawaida, akazima pampu, akasimama mbele ya nyanya mikono nyuma. Akangoja ujumbe. Alingoja mpaka wafanyakazi wakaanza kumtazama.

"Nilimwambia," alisema hatimaye, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akawasha pampu mwenyewe.

Miche ilisimama. Wateja walirudi. Bwana Shamba alipita siku moja, akagusa majani, akaridhika.

Mama mkwe aliomba kitu kimoja tu. Alitaka aletewe nyumbani udongo mweusi mtupu, usiotiwa kitu. Chekeche akawa anabeba kidogo kidogo ndani ya mfuko wake wa chakula, na bibi akautia kwenye makopo ya rangi yaliyooshwa, akayapanga dirishani mwa chumba chake. Alisia nyanya kwa mkono wake. Asubuhi mtoto wake aliamka dirishani, akakohoa, akasema kwamba ukuta umepasuka, na bibi akamwambia asihangaike na ukuta, ampe habari nyingine. Walizungumza mambo ya zamani. Walizungumza juu ya baba yake, juu ya meno yake ya utotoni, juu ya ile mara aliyopotea sokoni akaonekana amelala juu ya magunia. Bibi alicheka. Chekeche, akiwa anajiandaa kwenda kazini, alikuwa hajakisikia kicheko hicho siku nyingi, na alikuwa amesahau kwamba kinafanana na cha mumewe.

Lakini dirisha lile lilipigwa na jua la mchana, na udongo ulikuwa ni uleule. Chekeche alirudi kila jioni akakuta makopo yenye vishina vilivyolala, na bibi ameketi kitandani ameyapa mgongo. Kilichotokea kati ya mchana na jioni bibi hakukisimulia, mpaka siku moja alipomaliza kula akasema, bila kuulizwa, "Akianza kuungua haongei tena habari za zamani. Ananiita tu."

"Anakuitaje, mama?"

"Anavyoniita."

Aliendelea muda fulani. Akawa hali mchana. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamdondoka. Majirani, waliokuwa wakisikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba, waliuliza kama yule mtoro amerudi, na wakajibiwa kwamba amerudi, wakasema afadhali.

Kisha siku moja Chekeche alikuwa nyumbani, kazi ikiwa imefungwa mapema kwa ajili ya kutengeneza pampu. Alimwona mama mkwe wake anaingia na beseni la mchanga kichwani. Alikuwa ameuomba kwa watu waliokuwa wanajenga nyumba ya nyuma. Aliliweka chini, akapiga magoti mbele ya dirisha, akaanza kuyashusha makopo moja moja. Miche ilikuwa bado mizima, ingawa kwenye ncha za majani kahawia ilikuwa imeanza kuingia.

"Mama," nyanya zikasema, "ngoja kidogo. Usichanganye sasa hivi."

"Mwanangu, nimechoka kukuzika kila jioni."

"Ngoja mpaka kesho."

"Kesho utaniambia mpaka kesho."

Chekeche alipiga magoti upande wa pili. Bibi aliing'oa miche kwa uangalifu, akaishikilia kiganjani, naye Chekeche akaumwaga udongo kwenye beseni. Wakauchanganya kwa mikono, mikono minne ndani ya beseni moja, mpaka weusi ukapauka ukawa wa kijivu. Chekeche alitaka kusimamia sehemu tatu. Bibi akaongeza ya nne.

"Asipate hata kujisikia," alisema.

Walipoirudisha miche ndani ya makopo, ilikaa wima. Haikukohoa alfajiri, wala siku nyingine yoyote. Ilikua mirefu, ikafungwa kwenye vijiti, majani yakawa mapana ya kijani kibichi, na wapita njia walisimama dirishani kuisifu. Bibi aliimwagilia kila asubuhi. Kila asubuhi aliiuliza kama imekula, akangoja kwa muda unaotosha jibu, kisha akachukua kikombe cha maji akaondoka. Zilipoiva, nyanya zilichumwa na majirani, maana ndani ya nyumba ile hakuna aliyezigusa.

Lundo la udongo mweusi lilipoanza kuisha, Tajiri aliamua shimo lifunguliwe tena, safari hii ule ukuta wa pili, uliobaki. Biashara ya miche ilikuwa imekubali, na matofali nayo yalikuwa yanatafutwa. Msimamizi alirudishwa kwenye kazi yake ya zamani. Alikuja kumuaga Chekeche amevaa viatu vipya.

"Umeutazama ukuta?" Chekeche alimuuliza.

"Nimeutazama."

"Ukoje?"

"Nimemwambia Tajiri," alisema Msimamizi, akaenda.

Asubuhi ya kuanza kazi, wanaume walipanga foleni nje ya geti la shimo. Chekeche alikuwa anapita upande wa pili wa barabara na toroli lake. Akaliegesha, akavuka.

"Mnajua kuna watu mle chini?" aliwauliza.

"Tunajua, mama," alijibu mmoja, mtu mpana wa mabega, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri kwa ajili ya siku ya kwanza ya kazi. "Mke wangu alinunua kabichi kwenu. Zilicheka asubuhi nzima."

"Na mnajua ukuta huu nao haujakaa sawa?"

"Tunajua."

"Sasa mnangoja nini hapa?"

Mtu yule akamtazama kwa heshima, kama anayemwonea haya kumjibu. "Tunangoja geti lifunguliwe," alisema.

Geti likafunguliwa. Msimamizi alisimama pembeni, koleo zimeegemezwa ukutani nyuma yake. Foleni ikaanza kusogea. Yule mpana wa mabega alitoka kwenye mstari, akamsogelea Chekeche, akashusha sauti.

"Mama, wewe ndiye unayechanganya udongo kule kitaluni?"

"Ni mimi."

"Ikitokea, naomba usinitie mchanga mwingi. Nina mtoto bado hajaanza kusema. Angalau aijue sauti yangu."

"Kipimo napangiwa," alisema Chekeche. "Si mimi ninayekikata."

"Najua, mama. Nimesema tu."

Akageuka arudi kwenye mstari. Chekeche alimshika mkono wa shati.

"Sauti za watu wengi nitazitambuaje?" alisema. "Hebu sema kitu, tena nisikie vizuri."

Mtu yule akafikiri, akataja jina la mtoto wake. Chekeche akamwambia alirudie, naye akalirudia, akaingia. Wa nyuma yake alikuwa amesikia mazungumzo, akasimama, akamwamkia Chekeche kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida. Aliyemfuata akasema anatoka nyumba ya kwanza baada ya daraja. Walikuja hivyo mmoja mmoja, kila mmoja akasema lake mbele ya yule mama mwenye kitambaa kichwani kabla hajachukua koleo, na Msimamizi hakuwaharakisha. Wa mwisho hakujua aseme nini. Akasema buti alizopewa zinambana, akapita.